Boljointi za gari: kuzipima bila kubahatisha, na kuzibadilisha

Gari linalogonga mbele kila linapopita shimoni huwa na washukiwa wengi, na katika gereji nyingi za Tanga mshukiwa wa kwanza kutajwa ni boljointi. Pengine hutajwa kwa haki. Lakini hutokea pia mwenye gari akanunua jozi mpya, akalipa ufundi, kisha siku ya pili akausikia mlio uleule akielekea Raskazone, kwa kuwa kilichokufa tangu mwanzo kilikuwa stablaiza linki (kijiti kinachoshika fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona) au bushi ya amu, yaani mpira wa kwenye maungio ya mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye vifaa vya kawaida na subira ya kutosha, anayetaka kujua kwa hakika kama boljointi zake zimechoka na, zikiwa zimechoka, azibadilishe mwenyewe au asimame karibu na fundi akijua kinachofanyika. Maelezo ya kupima ni marefu kuliko ya kufungua, nami nimekusudia yawe hivyo.

Boljointi ni kiungo chenye kichwa cha mviringo kilichokaa ndani ya kikombe cha chuma, kama kichwa cha mfupa wa paja kinavyokaa kwenye nyonga. Kikombe hufungwa kwenye amu ya chini, na shina linalotoka kichwani huingia katika nako, yaani kile chuma kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu) na breki. Kwa sababu hiyo gurudumu huweza kupanda na kushuka na wakati huohuo kugeuka kushoto na kulia. Kati ya kichwa na kikombe kuna bitana ya plastiki ngumu iliyopakwa grisi, na juu yake kuna mpira laini wa kuzuia vumbi na maji. Mpira huo, ambao ni kitu kidogo sana ukiutazama, ndio unaoamua umri wa kiungo chote. Ukipasuka, grisi hutoka, maji na mchanga huingia, na kuanzia hapo kila mgeuko wa usukani unasaga bitana.

Mazingira ya Tanga huharakisha mambo hayo. Hewa ya chumvi inayovuma kutoka baharini huleta kutu kwenye nati na mashina hata kwa gari lisilotembea sana. Wakati wa masika, mashimo ya mitaa ya Ngamiani hujaa maji yasiyoonyesha kina chake, na wenye safari za kwenye mashamba ya mkonge au za kupanda Amani kutoka Muheza hukutana na mawe na vumbi ambavyo mpira uliopasuka hauwezi kuvizuia. Tena, kwa kuwa tunaendesha kushoto, gurudumu la kushoto ndilo linalokanyaga kingo za lami zilizomeguka, hivyo usishangae ukikuta upande huo umechoka mapema.

Boljointi iliyolegea kidogo huleta usumbufu tu. Iliyolegea mno huachia: shina huchomoka kwenye kikombe, gurudumu hulala upande, shafti inayozungusha gurudumu huweza kung'oka, na dereva hubaki na usukani usioamuru kitu. Mara nyingi hutokea gari likiwa kwenye mwendo mdogo na usukani umekatwa sana, kwa mfano wakati wa kuegesha, lakini hakuna anayeweza kukuahidi kwamba halitatokea kwenye barabara ya Segera ukiwa nyuma ya lori. Kwa sababu hiyo, gari ambalo kipimo kimeonyesha boljointi inacheza lisiendelee na safari za mbali kwa ahadi ya kulitengeneza mwisho wa mwezi.

Dalili, na vifaa vinavyoziiga

Dalili za kawaida ni mlio mzito wa kugonga, wa chuma kwa chuma, gari linapopita kwenye shimo au tuta kwa mwendo wa polepole; mlio wa kukwaruza au kulia kama bawaba kavu unapogeuza usukani gari likiwa limesimama; gari kutangatanga barabarani likidai kusahihishwa kila mara; usukani kukataa kurudi katikati baada ya kona; na tairi kulika upande mmoja, wa ndani au wa nje. Dalili hizi zote zina wamiliki wengine pia, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Stablaiza linki ndiyo mdanganyifu mkubwa kuliko wote. Mlio wake ni mwepesi na wa haraka, hasa kwenye barabara yenye makorongo madogomadogo yanayofuatana, na hupungua pale magurudumu yote mawili yanapopanda tuta kwa pamoja. Namna ya kuithibitisha ni rahisi: fungua linki za pande zote mbili, zifunge pembeni zisining'inie, kisha endesha taratibu mtaani. Mlio ukitoweka, umeokoa gharama ya boljointi. Usikimbize gari katika hali hiyo, kwa kuwa litalala zaidi kwenye kona.

Sivii jointi (kiungo cha shafti ya gurudumu) iliyokufa hutoa sauti ya tak-tak-tak unapokata usukani wote na kukanyaga mafuta, na sauti hiyo hufuata mzunguko wa gurudumu. Boljointi haifuati mzunguko, hufuata matuta. Biringi ya gurudumu huvuma, na mvumo huongezeka na mwendo. Kichwa cha juu cha shokapu kikiharibika, utausikia mlio wa kugonga ukiwa juu, karibu na boneti, na ukiweka kiganja juu yake huku mwenzako akigeuza usukani utahisi springi ikiruka. Bushi za amu ya chini huonekana zaidi wakati wa kufunga breki na kuondoka, kwani amu nzima husogea mbele na nyuma.

Jeki huwekwa wapi

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika upimaji ni kuinua gari mahali popote panaposhika jeki, kutikisa tairi, na kutoa hukumu. Mahali pa jeki ndipo panapoamua kama kipimo kitasema kweli, kwa sababu kiungo kilichokandamizwa na springi hakichezi hata kama kimekwisha kabisa.

Anza kwa kutambua gari lako ni la aina gani. Magari mengi madogo yaliyojaa mjini, kama vile Corolla, IST na Vitz, yana mfumo wa MacPherson mbele: shokapu na springi ni kitu kimoja kirefu kilichofungwa kwenye nako, na kila upande una boljointi moja tu, ya chini. Katika mfumo huu uzito wa gari hupita kwenye springi na kuishia juu kwenye bodi. Boljointi inashikilia tu, haibebi. Jeki iwekwe kwenye fremu au mahali palipoandaliwa na mtengenezaji, ili gurudumu lining'inie huru. Ukiiweka chini ya amu, utakibana kiungo na kujidanganya.

Magari yenye amu mbili kila upande, ya juu na ya chini, huwa na boljointi mbili. Pale springi au toshenibaa (chuma kirefu kinachojisokota badala ya springi) inapokaa kwenye amu ya chini, jambo linalopatikana kwenye pikapu na mabasi madogo kadhaa, boljointi ya chini ndiyo inayobeba uzito. Ukiinua fremu ya gari la namna hiyo, springi itaisukuma amu kwenda chini na kuvikaza viungo vyote viwili, nawe utasema ni vizima. Hapo jeki iwekwe chini ya amu ya chini, karibu na boljointi kadiri inavyowezekana, ili springi ibebwe na jeki na kiungo kibaki bila mzigo. Kama springi imekaa juu ya amu ya juu, inua fremu, kisha weka kipande cha mbao kigumu kuizuia amu hiyo isikandamizwe.

Wenye Land Cruiser za ekseli moja nzima mbele, mfano wa zile za mfululizo wa 70, wasizitafute boljointi hizi. Nako zao huzungukia kwenye biringi za juu na chini, na kulegea kwake ni somo jingine.

Namna ya kupima

Egesha mahali palipo sawa, vuta breki ya mkono, weka kabari nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Pwani ardhi yetu ni ya mchanga, hivyo tandika ubao mnene chini ya jeki, na mara baada ya kuinua weka stendi ya chuma. Jeki huvuja na jeki huteleza. Mtu asiingize hata mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, na matofali ya saruji yasitumike badala ya stendi, kwani hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Tazama kwanza mpira kwa tochi. Ubonyeze kwa kidole kuuzunguka wote, maana mpasuko huweza kujificha upande wa ndani. Grisi iliyotapakaa kwenye amu au kutu nyekundu inayochuruzika kutoka kwenye shina ni ushahidi wa kutosha wa kuendelea mbele kwa makini.

Kisha shika tairi juu na chini, mahali pa saa sita na saa kumi na mbili kwenye uso wa saa, ulisukume juu huku ukivuta chini, na ubadilishe. Mwenzako achuchumae akiangalia kiungo, na si kulitazama tairi. Ukihisi mchezo, mwombe akanyage breki na urudie. Mchezo ukipotea breki ikiwa imekanyagwa, lawama ni ya biringi ya gurudumu, kwa sababu breki imeifunga habu pamoja na nako. Ukibaki, chanzo kipo kwenye boljointi, bushi au shokapu. Baada ya hapo shika tairi kushoto na kulia, saa tatu na saa tisa. Mchezo wa upande huo kwa kawaida hutoka kwenye tairodi (fimbo inayogeuza nako) au reki ya usukani inayoisukuma.

Kipimo cha mwisho ndicho ninachokiamini zaidi. Chukua mtaimbo au chuma kirefu chenye ncha bapa, upenyeze kati ya amu ya chini na nako bila kuugusa mpira, kisha uinue na kuushusha kwa nguvu ya wastani. Kwenye gari la amu mbili unaweza kuupitisha mtaimbo chini ya tairi na kulinyanyua. Wakati huo mwenzako aweke vidole viwili, kimoja kikigusa kikombe na kingine kikigusa nako. Vidole hugundua mwachano mdogo ambao macho hayauoni, na pia huhisi ule mgoto mdogo wa kichwa kikigonga ndani ya kikombe.

Kiasi gani cha mchezo kinavumilika? Kwa boljointi ya MacPherson isiyobeba uzito, mchezo wowote wa juu na chini unaohisika kwa vidole unatosha kuihukumu. Miundo michache ina springi ndani ya kikombe na mtengenezaji wake huruhusu mchezo mdogo wenye kipimo maalumu. Kwa hizo, kitabu cha matengenezo cha gari ndicho chenye kauli. Mpira uliopasuka wakati kiungo bado kigumu hukupa nafasi ya kubadilisha mpira peke yake, kwa masharti kwamba umepasuka juzi na grisi bado ni safi. Ukiona matope ndani, badilisha kiungo chote.

Kununua

Kwenye duka la spea nenda na namba ya chesisi au, bora zaidi, na boljointi ya zamani mkononi. Magari mawili ya jina moja yaliyotoka miaka tofauti huweza kuwa na mashina ya unene tofauti, na shina lisilolingana na tundu la nako halitakaza hata ukilifunga kwa nguvu za watu wawili. Boljointi za mtumba sishauri zinunuliwe hata kidogo, kwa kuwa kilichochoka kimejificha ndani ya kikombe. Majina yanayosifika, likiwamo 555 la Japani, yana wanaoyaiga. Angalia maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe na usitosheke na boksi. Mpya nzuri hugeuka kwa ugumu wa aina moja pande zote. Ikizunguka kwa ulaini kama imeoza, irudishe kaunta.

Kuna mafundi wanaojitolea kuipiga nyundo kikombe ili kikaze, au kukichomelea. Kataa kwa adabu lakini kataa. Moto wa kuchomelea huyeyusha bitana na kuharibu ugumu wa chuma, na kiungo kinachoonekana kimekaza leo kinaweza kuvunjika bila kulegea kwanza.

Kubadilisha

Nitaeleza aina iliyofungwa kwenye amu kwa bolti na nati, inayopatikana kwenye Corolla nyingi, kwa sababu ndiyo inayofaa zaidi kwa mtu anayefanya nyumbani. Andaa spana na soketi, nyundo mbili nzito, mtaimbo, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, spliti pini mpya (ile pini ya kuzuia nati isijifungue), na pula ya boljointi kama unaweza kuiazima. Mafuta ya kutu yapulizwe usiku wa kuamkia kazi. Kwa gari lililoishi karibu na bahari, saa chache hazitoshi.

Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua gari. Ukishaweka stendi kwenye fremu na kuondoa tairi, safisha kwa brashi hadi uzione nyuzi za nati. Nyoosha na uchomoe spliti pini. Ikikatikia ndani, itoe kwa msumari na koleo, usilazimishe nati kupita juu yake. Fungua nati yenye meno lakini usiitoe, iache imeshika nyuzi kadhaa, ili shina linapoachia amu isishuke kwa kishindo.

Shina limechongoka na limekaa kwenye tundu lililochongoka vilevile, ndiyo maana hukwama hata nati ikiwa imelegea. Pula hulisukuma bila kelele. Bila pula, bana nyundo moja upande mmoja wa tundu la nako na upige upande wa pili kwa nyundo nyingine, mapigo makali machache kwenye ubavu wa chuma hicho, na si kwenye ncha ya shina wala kwenye diski. Tundu hupanuka kidogo sana kwa kila pigo na shina huruka. Chuma chenye umbo la uma kinachopenyezwa katikati hufanya kazi hiyohiyo haraka, ila hukata mpira, hivyo kitumike tu pale kiungo kinatupwa.

Sasa maliza kuitoa ile nati yenye meno, fungua bolti na nati zinazoishika boljointi kwenye amu, kandamiza amu chini kwa mtaimbo, usogeze nako pembeni, na kiungo kitatoka. Katika hatua hii usiivute nako kwa nje kupita kiasi, kwani sivii ya ndani ya shafti huweza kuchomoka, na waya wa sensa ya breki usibaki umetanuka.

Linganisha mpya na ya zamani: urefu wa shina, unene wake, nafasi za matundu. Futa tundu la nako kwa kitambaa kikavu hadi ling'ae. Usipake grisi hapo, maana chuma kilichochongoka hushika kwa ukavu wake. Funga bolti za amu kwa mkono kwanza, ingiza shina, kaza nati yenye meno, kisha kaza zote kwa kiwango cha kitabu kwa kutumia spana ya kupimia. Tundu la pini lisipolingana na meno ya nati, kaza kidogo zaidi hadi lilingane. Kulegeza ili lilingane ni kosa. Weka spliti pini mpya na uikunje. Kama kiungo kina chuchu ya grisi, piga pampu taratibu na usimame mpira unapoanza kuvimba.

Aina nyingine nitazigusa kwa ufupi. Iliyofungwa kwa rivet kutoka kiwandani hutobolewa kwa drili, na mpya huja na bolti zake. Iliyoshindiliwa kwenye amu huhitaji mashine ya presi, na kuigongagonga kwa nyundo hupindisha kikombe, hivyo ni heri amu ipelekwe kwa mwenye mashine. Ile inayobanwa na bolti moja ya pembeni kwenye nako, ya magari mengi ya Ulaya, hutolewa kwa kuupanua ufa wa nako kidogo kwa tindo. Na pale boljointi na amu ni kitu kimoja, hununuliwa amu nzima; bolti za bushi zake zifungwe kwa kulegea kwanza na zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo bushi zitajipinda na kuchanika mapema.

Kama upande mmoja umekwisha kwa umri, wa pili haupo mbali, na kuzibadilisha zote mbili kunapunguza gharama ya kurudia kazi. Lakini kama mmoja umeharibiwa na mpira uliochanwa na jiwe na mwingine umepita vipimo vyote, sioni sababu ya kuutupa.

Rudisha tairi, shusha gari, na kaza nati za gurudumu kwa mpangilio wa kuvuka upande hadi upande. Kwa Corolla na Toyota ndogo nyingi kiwango ni Nyutoni-mita 103. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho gari likiwa limesimama, sikiliza, kisha endesha taratibu kwenye barabara yenye matuta kabla ya kuingia barabara kuu. Peleka gari likapimwe alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, hasa kama ulibadilisha amu nzima au kama tairi zilikuwa zinalika upande. Baada ya kilomita 100 hivi, chungulia tena chini: spliti pini iwe mahali pake, mpira uwe mzima, na nati za gurudumu ziguswe kwa spana mara moja zaidi.